Miguu ya Mnyamwezi

Jumamosi, 6 Septemba

Nimetoka Goweko kumzika mjomba. Nimerudi na vumbi kichwani na aibu kila mahali pengine.

Wa kulaumiwa ni Abdulatifu, fundi cherehani wa pale sokoni. Mzaramo! Babu yake alipanda kutoka pwani na misafara ya zamani, akaoa Tabora, akabaki, na ukoo mzima umebaki na kazi moja: kutucheka Wanyamwezi kwenye misiba yetu. Ni watani wetu. Mtani akikucheka msibani hukasiriki. Ukikasirika unatozwa faini, kisha unachekwa upya. Sheria nzuri sana, mradi anayechekwa si mimi.

Leo alijifunga mto tumboni, akavaa miwani, akashika gazeti, akaigiza mtu anayeshuka kwenye bajaji. Alishuka kwa awamu. Kwanza tumbo. Akapumzika. Kisha mguu mmoja. Akaomba maji. Waombolezaji walicheka mpaka mjane akashika mbavu. Mke wangu Apolinaria alicheka kuliko mjane.

Nikasimama. Mimi, Xavery Luhende, ambaye kila Alhamisi redioni nauchapa uvivu wa mji huu bila huruma! Nikamwambia babu zangu walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka hapa mpaka baharini, na babu zake walikuwa kulekule baharini wamekaa, wanakula nazi. Nikasema miguu hii ni miguu ya msafara. Nikasema nitatembea kutoka Kwihara, nje ya mji, mpaka sokoni na ndoo ya asali kichwani, bila kuitua hata mara moja.

Sikujua nimesema nini mpaka niliposikia vigelegele.

Abdulatifu akauliza lini. Nikasema Jumamosi ya tarehe ishirini. Mdomo huu! Akasema vema sana, na nikiitua ndoo njiani, Wazaramo watanilaza kwenye machela, watanifunika sanda na kunizungusha soko zima wakinililia kwa sauti, duka kwa duka, likiwemo duka langu la vitabu. Wazee wakapiga makofi. Ikapita hivyo. Mtani hakataliwi.

Nikifa kweli sitajali. Lakini kuzungushwa mzima mzima mbele ya wateja!

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya Bwana. Mazoezi ni kazi, na kazi leo ni dhambi. Nililala kwa dhamiri safi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimenunua raba za mitumba, nyekundu, pamoja na suti ya michezo yenye mistari. Nimejitazama kwenye kioo. Kamanda! Hatari! Nimegundua kwamba nusu ya mazoezi ni mavazi. Kufunga kamba za raba peke yake kumenitoa jasho, nikalala kidogo nipate nguvu za kutoka. Nimeamka jua limezama.

Apolinaria ameuliza nilikimbia mpaka wapi. Nimemwambia mkimbiaji hatangazi njia zake.

Jumatano, 10 Septemba

Nimesoma mahali kwamba mwili hufuata fikra. Ukiwaza kutembea kwa bidii, misuli inajengeka hukohuko ilipo. Sayansi! Kwa nini nifuate vumbi la Kwihara wakati kiti kipo dukani?

Nikaweka miguu juu ya katoni ya madaftari, nikafumba macho, nikaanza safari. Nilikwenda vizuri mno. Niliona miembe, niliona watoto wakinishangilia, niliingia sokoni ndoo imetulia kichwani kama imepandwa pale. Nilikuwa naanza kuhutubia umati nilipohisi kitu kinanipapasa mabegani.

Abdulatifu. Ameinama juu yangu na utepe wake wa kupimia. Ananipima sanda! Akasema nisijisumbue kuamka, maiti hawaamki. Akanizungushia utepe tumboni, akapiga mluzi, akawatangazia wateja wangu kwamba kitambaa cha mtu mmoja hakitoshi, itabidi aagize jora.

Nilicheka. Sheria ni sheria. Lakini nilicheka kwa meno tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeipata njia! Nashangaa wapagazi wa zamani hawakuigundua, walikuwa watu wenye akili.

Uzito si wa ndoo. Uzito ni wa asali. Kwa hiyo: pamba chini, mpaka karibu na mdomo wa ndoo. Asali juu, tabaka jembamba la kuchovya kidole. Abdulatifu akifunua ataona asali. Akichovya ataonja asali. Mimi nitakuwa nimebeba mto.

Nikaingia stoo ya Apolinaria. Nikapasua godoro kuukuu, nikashindilia pamba ndani ya ndoo, nikamimina asali juu. Ikatoweka. Nikaongeza. Ikatoweka. Ile pamba inakunywa kama mgeni wa harusi! Nikasema haiwezekani ishindwe kushiba, nikaendelea kumimina. Ilishiba asali ya Apolinaria ilipokwisha yote, na ndoo ikawa haiinuki kabisa. Nyuki nao wakapata habari. Sijui nani aliwaambia.

Apolinaria alinikuta nimejificha chini ya neti. Hakupiga kelele. Ni mwanamke ambaye asipopiga kelele unatamani apige. Alisema asali ile ilikuwa ya mama yake. Alisema kuanzia Jumatatu nitakimbia kila alfajiri, kwa miguu niliyozaliwa nayo, na siku nisipokimbia atampelekea Abdulatifu ile ndoo ajionee, na atamsaidia kubeba machela.

Mke wa mtu!

Jumatatu, 15 Septemba

Siku kubwa. Naandika nusu kwa uchovu, nusu kwa furaha. Niipange vizuri.

Alfajiri nilisukumwa nje. Raba, suti, na kanga ya Apolinaria nimejifunga kichwani kuzuia jasho. Yeye akajitwika mahindi kuelekea mashine ya kusaga. Nikaanza mbio.

Hapa kwetu Itetemia vijana wanakimbia mchakamchaka na nyimbo zao, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Lakini mtu wa umri wangu, peke yake, anakimbia kabla jua halijatoka? Hilo sikulifikiria. Mwanamume wa hapa akionekana anakimbia alfajiri, amefiwa.

Maua, anayekaanga vitumbua pale njia panda, akaniona. Akaacha kikaango, akauliza kwa hofu kuna nini, Baba Tobias. Sikuwa na pumzi ya kujibu. Nikashika kifua. Nikanyoosha mkono kuelekea nyumbani kwangu, kumaanisha nimetoka kule. Akauliza ni Mama Tobias? Nikainamisha kichwa huku nikipunga mkono, kumaanisha aniache, nitakufa. Maua akafunika mdomo. Mimi huyo nikaendelea, na kwa bahati mbaya njia ninayoijua isiyo na kilima ni ya parokiani. Kwa hiyo kila aliyeniona akajua namfuata padri.

Sikufika kwa padri. Nilikaa kwenye jiwe. Nikasikia kilio nyuma, cha wanawake wengi. Nikasema maskini, leo kuna nyumba imeingiliwa. Nikajikokota kurudi, maana jirani mwema hapiti msiba. Watu wanapita na kuni, na mikeka, na unga. Nikaungana nao. Nikamuuliza mmoja nani ametutoka, akanitazama machozi yakimlengalenga, akanishika mkono bila neno. Wakanizunguka. Pole, Luhende. Jikaze, Luhende. Nikashangaa habari za mazoezi yangu zilivyoenea. Nikawashukuru. Nikasema ni kweli nimeteseka, ila moyoni najisikia mwepesi, na laiti ningalifanya hivi miaka mingi iliyopita.

Aliyenishika mkono akauachia.

Tukafika msibani. Msiba uko kwangu! Turubai linafungwa, moto unawaka, Benedikta, wifi yake Apolinaria, ameshafungua kabati na kujitwalia vitenge viwili vya kumkumbukia. Nikasimama mlangoni kama gogo. Nikawaza: Apolinaria amekufa, na mimi nilikuwa nakimbia. Nasema kweli, hapo ndipo nilipolia.

Ndipo akaingia Abdulatifu.

Sasa mtani mahali pake msibani panajulikana. Anatakiwa aje anacheka. Alale kwenye kitanda cha marehemu adai ni chake. Amuulize mfiwa kama ameshapata mke mwingine. Ndiyo kazi, na ndiyo heshima. Mtani halii! Dada yake Zamda alishatangulia kwa bodaboda, ameshavaa sufuria kichwani, anafanya kazi yake barabara.

Abdulatifu alikuja kwa miguu. Mbio, kutoka sokoni! Ndala moja. Utepe wa kupimia bado shingoni, sindano kwenye kola. Analia kama mtoto aliyeachwa stesheni. Shemeji yangu, anasema, shemeji yangu aliyenipa uji nilipougua, nitamtania nani sasa! Akaniangukia kifuani. Tukashikana, tukalia wote wawili, yeye kamasi, mimi jasho.

Mahindi yalikuwa yamesagwa. Apolinaria akaingia na unga kichwani, akatua, akatazama turubai, akauliza ni nani amekufa nyumbani kwake bila yeye kuambiwa.

Wengine waliruka ukuta. Benedikta alirudisha vitenge kabla hajakimbia, na hilo nampa. Maua alizimia kwa adabu, kwenye mkeka. Mimi nilimshika mke wangu mkono, na mkono ulikuwa na joto, na sikuuachia mpaka akaniambia namkwangua unga. Sijapata kuona mwanamke mzuri namna ile, mweupe vile, mwenye hasira vile.

Kisha akili ikarudi. Nikamtazama Abdulatifu, macho mekundu, pua inatiririka. Nikatazama mashahidi. Nikapanda juu ya kiti. Nikauliza kwa sauti ya Alhamisi: jamani, mtani amelia?

Zamda akavua sufuria. Alikuwa amefura. Alimwambia kaka yake amewaaibisha Wazaramo wote kuanzia pwani. Mtani anayelia kwenye msiba wa mtani wake, alisema, hana mdomo tena mpaka azike mtu mwingine kwa kicheko. Hatanii, hadai, habebi machela ya mtu. Abdulatifu akajaribu kujitetea kwamba hakukuwa na msiba. Zamda akamjibu kwamba hiyo ni mbaya zaidi, amemlilia mtu aliye mashineni!

Machela imekufa! Kwihara imekufa! Hakuna ndoo, hakuna sanda, hakuna soko! Nilikaa chini, nikavua raba, nikasikia vidole vyangu vyote kumi vikishukuru.

Chakula cha msiba kikipikwa hakirudishwi. Tulikula mpaka jioni.

Jumanne, 16 Septemba

Siwezi kukaa. Siwezi kusimama. Furaha iko palepale.

Apolinaria amemchinjia Abdulatifu jogoo, akampelekea dukani yeye mwenyewe. Anasema amejua nani angemlilia, na nani angejisikia mwepesi moyoni. Nimemweleza mara nne kwamba nilikuwa nazungumzia mapafu. Anasema amesikia.

Nilikwenda kumtazama Abdulatifu kwenye cherehani yake. Kisigino kimevimba. Hakunitania. Alinisalimia tu, kama mtu wa benki. Tukakaa. Nikamwambia kanzu aliyovaa inamfanya aonekane kama turubai la jana. Akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Haikunifurahisha nilivyotegemea. Ameniomba kwa unyenyekevu niwe nampitia asubuhi tutembee pole pole, maana pale njiani, pamoja na uchungu wote, aliona kifua kimefunguka na usiku alilala vizuri ajabu. Nikamwambia nitafikiria. Nimeshafikiria.

Alhamisi, 18 Septemba

Redioni. Mada: Uvivu, Adui wa Tabora. Nilikuwa moto! Nilisema mji uliojengwa na miguu sasa unasubiri bodaboda kwenda chooni. Nilisema mimi mwenyewe juzi nilirudi kwenye mbio, na mbio zangu ziliuamsha mtaa mzima, ukaacha vitanda, ukatoka. Kila neno kweli tupu.

Akapiga simu mama mmoja, Dafrosa, anauza dagaa. Shikamoo nyingi. Sauti tamu. Akasema naongea vizuri sana, kaka yangu, ila yeye kila siku ananiona nikishuka kwenye bajaji kwa awamu, na je, nje ya hiyo redio naweza kufika wapi kwa miguu?

Mtangazaji akacheka. Hewani! Mkoa mzima unasikia!

Nikamwambia Bukene.

Nikarudia, asije akadhani nimeteleza. Bukene, mwendo wa siku kadhaa, kwa miguu, kabla ya mvua za kwanza, na anayetaka aje anipokee na ngoma. Simu zikamiminika. Apolinaria alizima redio nyumbani, nimeambiwa.

Sina wasiwasi wowote. Bukene ina stesheni. Kesho asubuhi nachukua bajaji kwenda kuuliza ratiba ya treni ya Mwanza, na kama inasimama kidogo kabla ya kufika, mahali penye kichaka.