Kisiwa Kisicho na Mlango wa Kutokea

Alhamisi, 12 Juni 1969

Kisiwa: sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Nimeiandika fasili hii ubaoni mwaka hadi mwaka, mbele ya darasa la tano. Leo nimegundua upungufu wake: haisemi kisiwa kina kazi gani. Naisahihisha. Kisiwa ni mahali ambapo uliye naye hawezi kuondoka kabla hujamaliza sentensi yako.

Sentensi yangu ni moja: nataka kumwoa Siwema. Miezi kumi na minne sasa haijatoka kinywani. Kaka yake, Mwinshehe, ni karani wa stesheni hapa Kilosa na ni rafiki yangu wa karibu. Kila nikikaribia kusema, treni huingia.

Kwa hiyo likizo, na kisiwa. Nilifikiria Mafia, lakini Mwinshehe amepewa siku tano tu. Nimechagua kile kisiwa cha mchanga na matete katikati ya mto Mkondoa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kimya kamili. Hakuna reli.

Mwinshehe alikuwa amepanga kwenda Kisanga kumwamkia mjomba wake. Nimemshawishi aahirishe. Ushindi!

Ijumaa, 13 Juni

Tumevuka baada ya sala. Mzee Thadeo, mwenye mtumbwi, alifanya kazi ya reli pamoja na marehemu baba. Nilimpa shikamoo, kisha nikamvuta kando na kumwagiza asirudi kabla ya Jumatatu asubuhi, hata tukimwita. Akauliza, hata mkilia? Nikamjibu: hasa tukilia. Akanitazama kama anayepima kina cha maji.

Mwinshehe hajui agizo hili. Amekuja na unga, sukari na redio. Redio haishiki kitu. Vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Hoja hujengwa kuanzia msingi. Asubuhi nilianza mbali, na faida za kaya mbili kuwa moja. Mwinshehe akasema hayo alishayasikia mkutanoni, na kwamba akitaka hotuba za ujamaa atakwenda kijijini Zombo, ambako walau watampa jembe. Akalala.

Mchana nilianza upya, na wajibu wa kaka kwa dada asiye na baba. Akaniuliza kama ninaumwa. Akalala tena.

Nimemfikiria Kondo kwa utulivu. Ni askari wa wanyama huko Mikumi. Ana buti, baiskeli na kicheko kikubwa. Tangu Machi amekuja mara sita kwenye zahanati anakofanya kazi Siwema, mara zote na kidonda kilekile. Mtu wa namna hiyo hana hoja hata moja. Simhofu.

Jumapili, 15 Juni

Nimesema! Sentensi nzima, bila msingi wowote, wakati Mwinshehe akikoroga uji.

Alicheka mpaka mwiko ukaanguka. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema Siwema amekuwa akimuuliza mwaka mzima: huyu Mwalimu anakuja kwetu kunywa chai au ana neno? Nikamwomba basi anipe jibu, yeye akiwa mkubwa wa nyumba.

“Mimi? Neno la Siwema liko kwa mjomba, Kisanga. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Ninyi watu wa reli mmekaa hapa miaka yote hii, na wewe unafundisha historia. Unafundisha historia ya wapi?”

Nakiri kosa. Kwetu Tabora baba ndiye husema, na baba akifa, kaka hushika nafasi yake. Nilikuwa na kanuni sahihi kabisa, ya watu wengine.

Baya zaidi likafuata. Mshenga wa Kondo anafika Kisanga leo. Mjomba alikuwa amemwita Mwinshehe ili aseme anachojua kuhusu wachumba wote. Mwinshehe alikuwa amekusudia kunitaja. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akajibu: kwa sababu wewe ulikuwa unanieleza uzuri wa matete.

Tulimwita Mzee Thadeo. Alitokea ng’ambo, akatusikiliza, akatupungia mkono kwa furaha, akarudi kwenye mtego wake wa samaki. Ilinibidi nimweleze Mwinshehe kuhusu agizo. Alikunja suruali bila kunitazama. Tulijaribu kuvuka kwa miguu. Maji yalipofika kiunoni, kiboko akainua kichwa. Tukarudi.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee Thadeo alifika saa tatu kamili, akiwa amejaa fahari. Alisema jana tulilia vizuri sana, lakini hakudanganyika.

Nimetafakari njia nzima. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa Jumapili.

Jumanne, 17 Juni

Siwema. Alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati na ndoo mkononi. Nilimsalimu. Alisema mjomba alikuwa hapa juma lililopita, akamuuliza mara tatu kama kuna mwingine zaidi ya Kondo.

“Nilimwambia labda yupo, Mwalimu. Anafikiri.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu. Mjomba atatoa neno Ijumaa baada ya sala. Barua yoyote itakayofika kabla ya hapo itasomwa. Nilimwambia nimeelewa. Akauliza, umeelewa nini? Nikaomba muda wa kupanga jibu. Akaingia ndani.

Jioni Mwinshehe, ambaye ameanza tena kusema nami, alimleta Mzee Thadeo. Amekubali kuwa mshenga wangu. Mjomba anamfahamu na kumheshimu. Basi la kwenda Kisanga ni moja tu, Alhamisi saa mbili asubuhi. Nimebaki na barua tu.

Alhamisi, 19 Juni

Rasimu ya tisa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na ombi tupu, mistari miwili; haikustahili. Ya nne ina sababu kumi na moja. Ya saba inazipanga sababu kwa uzito, lakini sababu ya tano na ya sita zinalingana, jambo linaloharibu mpangilio wote.

Saa moja na nusu Mzee Thadeo alifika, amevaa koti lake la reli. Alisema nimpe ya mistari miwili. Nikakataa. Akasema basi ataenda bila karatasi, atamwambia mjomba kwa mdomo wake: kijana wetu anampenda binti yenu, ana kazi, hana ugomvi na mtu. Nilimkimbilia nje, nikamshika koti. Hoja isiyokamilika haipelekwi mbele ya watu! Mwinshehe alikuwa amelizuia basi kwa kusimama mbele yake. Dereva akapiga honi mara nne.

Sasa basi limeondoka. Mwinshehe amekwenda kazini bila kuaga. Mzee Thadeo amekaa barazani, koti magotini, ananiangalia.

Kimya kizuri, hatimaye, cha kufanyia kazi. Limebaki swali moja tu kabla ya rasimu ya kumi: barua ya posa yafaa ianze na ombi, au na sababu?