Giga Kumi na Sita na Kidole Gumba

Jumatatu, 4 Agosti

Kompyuta imeganda tena. Mara ya tisa tangu asubuhi! Nilikuwa nimefika kidato cha tatu, siku ya Jumatano, kipindi cha nne. Nikagusa kitufe kimoja tu, na kile kiduara kikaanza kuzunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nikaenda kunywa chai. Nikarudi. Kilikuwa bado kinazunguka.

Miaka kumi na minne nimepanga ratiba ya shule hii. Si kazi ndogo. Mwenye ratiba ndiye mwenye shule. Ndiye anayeamua nani afundishe saa mbili asubuhi, akili zikiwa mbichi, na nani afundishe saa nane mchana, darasa zima likisinzia. Mimi, kwa mfano, sijafundisha Hisabati Ijumaa mchana tangu niikamate kazi hii. Imetokea tu.

Leo Mkuu wa shule, mama asiyepandisha sauti kwa kuwa hana haja ya kuipandisha, alitangaza mbele ya walimu wote kwamba ratiba ya muhula ujao iwe ubaoni Ijumaa saa nne. Isipokuwapo, kazi itahamia kwa mwingine.

Hapo Mwalimu wa Jiografia akakohoa. Tunamwita Dira, kwa sababu siku zote anajua Mkuu ameelekea wapi. Akasema, kwa unyenyekevu wa paka aliyeona samaki, kwamba yeye ratiba angeimaliza kwa siku moja, maana kompyuta yake haijui kuganda. Ya mwenzetu, akasema, imefanana na mwenyewe: heshima ipo, mwendo hakuna.

Walimu wakacheka. Nikacheka pia, nisionekane mdogo. Moyoni nilikwisha kumwandikia vipindi vitano vya mwisho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeulizia. Ugonjwa wa kompyuta yangu ni memori. Ina giga nne tu, na ratiba inataka zaidi. Dawa yake ni kutoa kipande kilichomo na kutia kikubwa.

Basi nimekwenda kwa fundi, kile kibanda cha nyuma ya stesheni. Lakini kompyuta humwachii fundi ukaondoka! Kila mtu mzima anajua. Unamwachia ng'ombe, unarudi unakuta mbuzi aliyevaa ngozi ya ng'ombe. Ndiyo maana kibanda chake kina stuli tatu za wateja, na wateja hukaa hapo wakimtazama mikono kama askari wa magereza.

Mimi nilikwenda mbele zaidi. Je, nikibanwa na haja? Nilichukua chupa ya rangi ya kucha katika saluni ya mke wangu. Zambarau, yenye vumbi linalometameta. Chupa ya pekee. Kwanza niliijaribu kwenye kidole changu gumba, cha kulia, nione kama inakauka. Inakauka. Fundi alipokitoa kipande cha memori, nilimwomba asubiri kidogo, nikakitia nukta moja ya zambarau mbele ya macho yake.

Fundi akaweka bisibisi chini. Akauliza kama nimemletea kuku wa kutiwa alama asipotelee kwa jirani. Nikamjibu kwamba mali bila alama hufuata mwito wa kila mtu. Wateja wa stuli nyingine wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akaniomba chupa.

Habari mbaya: kipande kikubwa cha aina yangu hakipo. Mzigo utafika baada ya wiki mbili. Cha mwisho, giga kumi na sita, kilinunuliwa mwezi uliopita na mwalimu wa shule yetu. Mwembamba, fundi akasema. Anapenda kukohoa.

Aha!

Habari njema: nilimtazama fundi hadi nikahitimu. Skrubu kumi, kifuniko, vibanio viwili. Unavitanua, kipande kinainuka chenyewe kama mtoto aliyeitwa jina. Kukirudisha, unakichomeka kwa mshazari, unakilaza mpaka kilie tak. Kikigoma, unakisugua meno yake kwa raba ya penseli. Basi! Kwa hili watu wanajiita mafundi.

Rangi ya kidole haitoki. Nimejaribu sabuni, mafuta ya taa na kisu. Dawa ya kuifuta iko saluni, lakini nikiiomba nitaulizwa. Nimefunga plasta.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimetenda.

Kompyuta zetu ni za mpakato, za aina moja. Shule ilizigawa siku moja. Ya Dira hubaki juu ya meza yake akiwa darasani. Na Dira yuko darasani lini? Nani ajuaye kuliko aliyempangia? Jumatano, saa tatu hadi saa nne na dakika ishirini, kidato cha nne, vipindi viwili mfululizo, jengo la mbali kabisa. Ratiba ni silaha.

Nilizibeba kompyuta zote mbili chini ya koti hadi stoo ya vifaa vya michezo. Nikakaa juu ya magodoro ya kurukia. Bisibisi niliinunua jana.

Ninataka ieleweke hapa, kwa kuwa shajara haidanganywi, kwamba huu si wizi. Nimekiazima kipande bila kumsumbua mwenyewe. Tena sikumwacha mikono mitupu; nimemwachia cha kwangu. Giga nne zilizotumika kwa uangalifu.

Nilifungua, nikatanua, nikachomeka, kikalia tak. Nikawasha. Giza! Kompyuta ikaanza kulia, mlio mfupi mfupi, kama kifaranga aliyepotea. Jasho! Nikakumbuka raba. Nikasugua meno ya kipande, nikapuliza, nikachomeka upya, nikawasha. Mwanga! Giga kumi na sita. Nilibusu kioo.

Ya Dira niliifunga kwa haraka, kengele ikiwa imeshalia. Skrubu moja imebaki mkononi. Sijui ni ya tundu lipi. Nimeitia mfukoni. Kitu kilichotengenezwa na skrubu kumi hakifi kwa kukosa moja.

Dira alirudi, akaniona nimetulia mezani, akaniuliza kidole kimefanya nini. Mlango, nikasema. Akanipa pole. Ana tabia mbaya ya kuwa na adabu unapokuwa hukuitarajia.

Alhamisi, 7 Agosti

Kompyuta inakwenda kama upepo! Kiduara sijakiona tena. Hadi saa tano nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza hadi cha nne, maabara, maktaba na uwanja. Ijumaa mchana niko huru. Dira ana vipindi vya mwisho vitano, kama nilivyoahidi moyoni. Mimi ni mtu wa ahadi.

Ya Dira? Hoi! Darasani alifungua ramani ya dunia. Bahari zilitokea. Nchi kavu haikutokea. Wanafunzi walisubiri mabara kwa dakika ishirini, na mmoja akauliza kama ni enzi za gharika. Niliyasikia haya chumba cha walimu, nikasikitika kwa sauti. Nikamshauri Dira ampeleke mgonjwa kwa fundi. Mimi mwenyewe! Kwa mdomo wangu!

Akaenda saa saba. Akarudi saa tisa, uso umemsawijika, na bahasha mkononi. Alinivuta pembeni, maana mimi ni mkubwa wake kazini na mtu mzima. Akaifungua bahasha.

Ndani mlikuwa na kipande changu. Nukta ya zambarau ilinimetametia kama jicho la mwanasheria.

Niliisahau! Katika hesabu zote, nukta niliisahau!

Dira akanong'ona kwamba ameibiwa memori na kutiliwa hii. Fundi hakutaja mtu. Alimwambia tu, huku akicheka peke yake, amtafute mwenye kucha za rangi hii. Na Dira alipoingia getini, wa kwanza kukutana naye ni Mkuu. Mkuu akampungia mkono. Kucha kumi. Zambarau. Zinametameta!

Nilimshukuru Mungu kwa kila ukucha. Nikaufanya uso wangu uwe mzito. Nikamwambia Dira, kama baba kwa mwana, kwamba duniani kuna mambo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Anyamaze, atulie, asahau. Aliniangalia kwa macho ya shukrani. Kisha akashinda mchana kutwa akivitazama vidole vya Mkuu. Mkuu akiinua kalamu, Dira anaifuata. Mkuu akijikuna sikio, Dira anahesabu.

Nilipita kwa fundi jioni. Nikamwuliza kwa nini amenifanyia hivyo. Akasema hakunitaja, siri ya mteja ni kama ya mgonjwa. Ila kuku mwenye alama, mwalimu, hurudi kwao hata kama kwao hakumtaki. Nikamwambia maneno hayo hayana maana. Akasema nitaona.

Nyumbani mke wangu analalamika kuna mteja aliyemwibia rangi ya zambarau, chupa ya mwisho, ile aliyompaka Mkuu Jumamosi. Nikasema binadamu hawana haya. Akasema afadhali mimi nimesema. Akakitazama kidole changu, akauliza plasta ya mlango inabadilishwa lini. Nikasema daktari amekataza isiguswe.

Ijumaa, 8 Agosti

Niandike nini? Niandike yote.

Saa nne kasoro dakika tano. Walimu wote wamekaa. Ratiba imechapwa karatasi sita, imegundishwa, mistari imenyooka kama gwaride. Mkuu akaitazama, akasema ni nzuri. Dakika hiyo ningekufa ningekufa na furaha. Akasema niibandike.

Ubao wetu wa matangazo ni mgumu kama roho ya mdai. Pini haiingii bila kidole gumba. Nikaanza kwa mkono wa kushoto, pini ikapinda. Ya pili ikaruka, ikaingia katika chai ya mtu. Mkuu akaniuliza kwa nini nisitumie wa kulia. Nikasema kidonda. Akasema kidonda cha tangu Jumatano leo kingekuwa kimepona, au nimwite muuguzi. Nikasema hapana haja. Nikatumia wa kulia.

Nyuma yangu nikamsikia Mkuu akimgeukia Dira. Kwa sauti ileile ya chini alimwuliza kama mikono ya Mkuu ina kasoro, kwa kuwa tangu jana mwalimu haitazami saa wala ubao ila vidole vyake, naye ni mke wa mtu. Dira akakohoa. Akakohoa tena. Kisha bwawa likabomoka! Akatoa bahasha, akaeleza yote: bahari bila nchi kavu, memori, fundi, nukta, kucha. Akamalizia kwa kusema anamheshimu sana Mkuu na yuko radhi kuubusu mkono huo. Eti ndivyo alivyoshauriwa.

Mimi nilikuwa kwenye pini ya tatu.

Mkuu akakichukua kipande, akakiweka kando ya ukucha wake. Akasema rangi ni ileile, kweli. Ila yeye katika maisha yake hajawahi kufungua hata tochi. Na rangi hii, akasema taratibu, hapa mjini iko saluni moja tu.

Nilisikia viti. Watu wakigeuka pamoja, viti hutoa sauti ya namna yake.

Nikaibonyeza pini ya nne kwa nguvu zangu zote. Jasho lilikuwa limelainisha plasta tangu pini ya kwanza. Pini ikaingia. Plasta ikabaki nayo ubaoni, juu kabisa ya Ijumaa mchana, na kidole gumba kikatoka uchi, zambarau, kikimetameta mbele ya walimu ishirini na saba.

Nikachukua pini ya tano. Ningefanya nini? Ratiba lazima ikae sawa.

Dira hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, polepole, kwamba alinipa pole. Akarudia: nilikupa pole, mzee.

Mkuu hakupandisha sauti.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudisha kipande. Kompyuta yangu imeganda tangu saa mbili asubuhi, lakini hainihusu tena. Ratiba ni ya Dira. Ameipanga kwa siku moja, mshenzi. Ijumaa mchana nina kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo, jengo la mbali kabisa.

Mke wangu aliifuta rangi kwa sekunde kumi, bila neno hata moja. Ndipo nilipojua kwamba chakula cha jioni ningejipikia. Nimejipikia siku tatu.

Mimi nimepewa kengele. Mkuu alisema ni kazi inayomfaa mtu anayezijua saa za wenzake.

Nimetafakari sana, kama impasavyo mtu wa umri wangu. Mtu akianguka hutazama alipojikwaa, si alipoangukia. Nimepatazama. Kosa langu nimeliona waziwazi, na ninaliandika hapa ili nisilirudie maishani: zambarau inaonekana sana.

Leo Mkuu ameletewa kompyuta mpya. Aina yetu ileile. Giga thelathini na mbili! Ameiacha juu ya meza kengele ya mapumziko ilipolia, akaenda kunywa chai. Na kengele, tangu asubuhi ya leo, inalia ninapotaka mimi.

Bisibisi ipo. Skrubu ya Dira bado ninayo mfukoni, hakuna aliyeiulizia. Na jioni hii nimenunua, katika duka ambalo si la mke wangu, chupa ya rangi ya kucha isiyo na rangi kabisa. Nimeijaribu kwenye kidole gumba. Haionekani hata ukikileta mbele ya taa.

Kesho, saa nne kasoro kumi, nagonga.