Waliouharibu Mwisho wa Mwatum

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ufedhuli! Yusra, mwanafunzi wangu wa zamani, ameifanya riwaya ya Kufuli la Mwatum kuwa filamu. Riwaya niliyoisomesha miaka ishirini na minane! Kitabuni Mwatum anarudi kwa mumewe, anaomba radhi, wanaishi kwa raha. Kwenye filamu, nasikia, analitupa kufuli kisimani, anashika njia, wala hageuki nyuma.

Filamu yenyewe sijaiona. Siioni! Itaoneshwa Jumamosi ukumbini Shangani, kisha kuna mjadala: kitabu au filamu? Nitakwenda. Nitamfedhehesha mbele ya watu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeanza kukusanya saini za kuilaani. Kinyozi wetu hapa Kiembe Samaki ametia yake, akauliza hilo kufuli ni la mlango gani. Muuza urojo naye akatia, halafu akasema kipande cha filamu amekiona kwenye simu, mkewe amelia, kizuri sana. Nikamfuta hapo hapo. Akaninyima bajia. Saini: moja.

Ijumaa, 8 Agosti
Mke wangu Saadiya ametoa kitabu changu kabatini. Akauliza mbona kinaishia ukurasa wa 182, katikati ya sentensi. Nikamwambia mchwa. Akauliza huo mwisho niliusoma wapi.

Swali gani hilo! Mwatum amesimama mlangoni, begi mkononi. Mwenye akili anajua kuwa atarudi ndani. Darasani nilikuwa namalizia kwa kichwa, na hakuna aliyelalamika. Saadiya akanambia nitafute nakala nzima kabla ya kesho. Nikanuna. Chakula cha mchana sikukigusa. Na alipika pweza wa nazi!

Jumamosi, 9 Agosti
Nilikaa mstari wa mbele, filamu nikaipa mgongo. Ilipokwisha nikasimama, nikanguruma dakika ishirini. Mwandishi ni marehemu! Hawezi kujitetea! Mwisho wake umeibiwa! Wakapiga makofi. Nikajua nshashinda.

Yusra akaja mbele, akanipa shikamoo. Akafungua kitabu, kizima, hakijaliwa na mdudu, akasoma ukurasa wa mwisho. Kufuli. Kisima. Njia. Sawasawa na filamu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kinyozi ndiye aliyecheka zaidi.

Yusra hakucheka. Akasema: "Mwalimu, siku ile darasani mwisho wako ulinikera. Mamangu aliondoka kama Mwatum, wala hakurudi kumuomba mtu radhi. Ndipo nikenda kutafuta kitabu kizima. Bila ya wewe nisingelikisoma."

Watu wakafuta machozi. Saadiya pia! Mie nimejaa hasira. Kunishukuru hadharani, mbele ya mke wangu!

Jumapili, 10 Agosti
Nimeisoma sura ya mwisho mara mbili, kwenye nakala aliyonipa Yusra. Sasa nimefahamu. Filamu haina kosa lolote. Aliyekiharibu kitabu ni mwandishi!

Nikamweleza Saadiya. Akashika kichwa, akenda zake kwa dadake, kule Fumba. Bora. Nimepata utulivu wa kuiandika upya sura nzima, kurasa nne, hati safi. Mwatum anarudi ndani. Anaomba radhi mara tatu.

Maktaba ina nakala saba. Kesho wanafungua saa mbili. Gundi nshanunua.