Tairi la Kulia Linakwisha Peke Yake

Jumatatu, 9 Septemba

Tairi la mbele kulia limelika! Upande wa ndani tu. Nje mistari yote ipo, ndani kipara kitupu. Nimegundua asubuhi nikinywa chai. Siku hizi nanywea uani, nimeegemea gari. Mezani kuna viti viwili.

Nimelipeleka kwa Rashidy, fundi wa pale karibu na stendi. Kijana ana kelele kama spika ya mnadani. Akapiga jeki, akashika gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza. Akatangaza, gereji nzima ikasikia, kwamba tairodi endi imekwisha, yaani kile chuma kinachounganisha gurudumu na usukani. Ndiyo maana gurudumu linakwenda upande na tairi linakwaruzwa na barabara. Abadilishe chuma, gari lipimwe alaimenti, yaani magurudumu yanyooshwe yatazame mbele, basi. Kazi ya mchana mmoja.

Nikamwambia nitafikiri. Mafundi wote wanapenda kubadilisha vitu. Mimi nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne.

Nimefikiri. Jibu limekuja nikiosha sahani yangu. Dereva anakaa kulia. Kulia nipo mimi, na tumbo langu. Kushoto hakuna mtu tangu mke wangu, Mama Amna, aende Nkowe kumuuguza mama yake mguu, kipindi kile cha kuvuna ufuta. Uzito wote uko upande mmoja! Tairi linakwisha kwa sababu natembea peke yangu.

Hiyo ni sayansi. Rashidy hawezi kuijua.

Jumanne, 10 Septemba

Sayansi inataka ushahidi. Jirani yangu Hemedy ana pikapu, na kila asubuhi mkewe Zaina anakaa mbele wanapokwenda shambani. Mume kulia, mke kushoto. Kama nadharia yangu ni kweli, matairi yao yatakuwa yamelika sawasawa.

Nimeingia chini ya pikapu yao na njiti ya kiberiti ya kupimia. Sawasawa! Kulia na kushoto, ndani na nje! Nikapiga kelele ya furaha. Zaina akaona miguu imetokeza chini ya gari lao, naye akapiga kelele, yake si ya furaha. Akaita mwizi. Hemedy akatoka na panga mkono mmoja na mswaki mkono mwingine.

Nikawaeleza. Walinisikiliza wakiwa wamesimama. Hemedy akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Zaina akaleta ugali na kisamvu hata hivyo, nikamaliza vyote.

Zaina akauliza Mama Amna anarudi lini. Nikamjibu kwamba bado anahitajika kule. Kusema kweli mguu wa mama mkwe ulipona Julai. Mama Amna alinipigia wakati ule, akauliza aendelee kukaa au vipi. Nikamwambia wewe tu. Ningesema nini? Mwanaume hawezi kumng'ang'ania mtu aliyekwenda kuuguza mama yake.

Hajauliza tena.

Sasa lakini anayemhitaji si mimi. Ni tairi.

Jumatano, 11 Septemba

Jaribio! Nimeweka gunia la mahindi kiti cha kushoto. Nimelifunga mkanda, maana likiyumba hesabu inaharibika. Nimelifunika kanga ya Mama Amna, ile ya zambarau aliyoiacha nyuma ya mlango, ili vumbi lisichafue kiti.

Tumezunguka mtaa wa Nambambo wote hapa Nachingwea, tukapita sokoni, tukafika hadi kule uwanja wa ndege. Njiani nikajikuta nalieleza gunia habari za dukani, jinsi mashine ya fotokopi inavyotafuna karatasi na jinsi wanafunzi wanavyoegemea kioo cha kaunta. Lilisikiliza vizuri. Nikaliambia pia kwamba Amna, binti yetu aliyeko Masasi, amepandishwa cheo hospitalini. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikuwa nalitunza, sijui kwa ajili ya nani.

Njia panda trafiki akatusimamisha. Akainama dirishani, akasema shikamoo mama. Gunia halikujibu. Akanitazama kwa hasira, kana kwamba nimemkataza mke wangu kusalimia watu. Nikaondoa gari taratibu.

Tairi bado linalika. Inawezekana gunia ni jepesi.

Alhamisi, 12 Septemba

Simu alfajiri. Mama Amna! Hakusalimia. Ameuliza ni mwanamke gani anayepakiwa mbele akiwa amevaa kanga yake ya zambarau.

Habari imefika Nkowe kwa bodaboda. Inasema Swalehe wa fotokopi, yaani mimi, ameoa tena, mwanamke mnene, mpole, hatikisiki. Nikamwambia ni gunia. Akajibu kwamba hajawahi kusikia mwanaume akimwita mke mdogo gunia mbele ya mke mkubwa. Nikaapa. Akakata.

Ameniuliza! Tena kwa ukali! Nimefua shati jeupe. Nimepika wali ukaungua, nikaula wote kwa raha.

Kesho baada ya swala naenda Nkowe na ushahidi. Rashidy amepita dukani akinipigia kelele kwamba gari lile nisilipeleke safari ndefu, usukani utanitoka mkononi. Wivu tu. Hapendi kuona mteja anajitibu mwenyewe. Nikamjibu kwamba nataka kwanza Mama Amna akae kushoto ndiyo nijue.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika nikiwa kwenye chumba cha nyumba ya kulala wageni hapa Ruangwa. Niandike kwa mpangilio.

Nilitoka Nachingwea baada ya swala ya Ijumaa, gunia kushoto. Gari lilivuta upande mmoja njia nzima. Nikasema lina haraka ya kufika.

Nkowe nilimkuta mama mkwe anafukuza mbuzi kwenye mihogo. Anakimbia! Nikampa shikamoo akiwa mbioni, akaitikia bila kusimama. Mama Amna akatoka ndani. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafunua kanga, akafungua gunia, akatumbukiza mkono kwenye mahindi. Akacheka mpaka akakaa chini, mgongo umeegemea gurudumu lile lile.

Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Anaanza bila sauti, mabega tu.

Nikachora gari mchangani nikamweleza nadharia yote, kulia, kushoto, uzito, pikapu ya Hemedy.

"Kwa hiyo gari ndilo linanihitaji," akasema.

"Gari, ndiyo. Tairi hasa."

"Na wewe?"

Nikasema mimi sina tatizo.

Hapo mama mkwe alikuwa amerudi, anahema. Akasema mahindi yabaki, binti yake aende, kwa sababu amechoka kulala kwenye mkeka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama Amna akaingia ndani. Akachelewa. Nikahesabu kuku. Akatoka na begi lake, amejifunga ile kanga ya zambarau.

"Twende tukalinyooshe hilo tairi lako, Baba Amna."

Alikaa kushoto. Gari likatulia! Naapa lilitulia. Akanisimulia habari za jirani wa mama yake aliyegombana na jogoo. Nikamwambia kuhusu Amna kupandishwa cheo. Akanishika bega, akasema alhamdulillahi. Mkono akausahau pale pale begani. Nikataka kusema kitu. Kilikuwa tayari. Nikasema, "Umeona linavyokwenda sawa?"

Hatujafika Ruangwa. Pwaa! Tairi la kulia likapasuka, usukani ukanitoka mikononi, gari likaingia kwenye mikorosho na kusimama limeinamia upande wangu. Hatukuumia. Begi lake lilifunguka, nguo zikamwagika miguuni.

Nikashuka kutazama. Ndani ya tairi nyaya zimetoka nje. Nikampigia Rashidy anipe ushauri. Rashidy hajui kuongea taratibu kwenye simu. Mama Amna alisikia akiwa amekaa ndani ya gari.

"Si nilikwambia Jumatatu, mzee! Tairodi endi imekwisha! Ukasema unataka kwanza mama akae kushoto ndiyo ujue!"

Akashuka. Akaanza kuokota nguo zake.

"Ulijua tangu Jumatatu?"

Nikasema kulikuwa na maoni mawili.

"Ukanipakia kwenye gari bovu ili unipime kama gunia?"

Ilikuwa nafasi yangu. Naijua sasa, na pale pia niliijua. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Nikafungua mdomo nikasema uzito wa mtu unaaminika kuliko wa gunia, kwa sababu mtu hamwagiki.

Akainua mkono. Bodaboda ikasimama. Akapanda na begi mapajani, akarudi Nkowe. Kanga yake ilipeperuka nyuma mpaka kwenye kona.

Nimefunga tairi la akiba mwenyewe. Nimeingia Ruangwa kwa mwendo wa mkokoteni.

Jumamosi, 14 Septemba

Fundi wa hapa amebadilisha tairodi endi. Amepima alaimenti kwa uzi aliouvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Tairi jipya. Kazi ya mchana mmoja, kama alivyosema yule mwenye kelele.

Nimerudi Nachingwea. Gari linanyooka hata nikiachia usukani. Nimesimama mara kwa mara kukagua tairi. Halina kasoro. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu njia nzima, na gari halikujali.

Kwa hiyo linakwenda sawasawa hata nikiwa peke yangu. Sikupenda kulijua hilo.

Jumapili, 15 Septemba

Mama Amna amepiga simu. Amenisalimia vizuri. Amesema hasira ya tairi imekwisha, hata mama yake ameanza kuicheka. Kisha sauti ikashuka. Akasema kule Nkowe hana kazi tena, kila jioni anakaa barazani kutazama magari yanayotoka huku kwetu.

"Siku utakayoniambia nirudi, Baba Amna, nitapanda basi mwenyewe. Usinitafutie sababu. Niambie tu."

Nikasema nimeelewa. Nimeelewa kabisa! Hakuna aliyewahi kuelewa kitu kama nilivyoelewa leo.

Hemedy amekuja kuuliza habari. Nikamsimulia. Akasema basi piga simu umwambie arudi, shida iko wapi? Kwake rahisi. Yeye hasemi lolote, mkewe yupo.

Nimefanya mazoezi mbele ya mashine ya fotokopi, duka likiwa limefungwa. Rudi nyumbani. Rudi nyumbani, Zulfa. Jina lake sijalitamka tangu Amna azaliwe. Limetoka kama la mtu mwingine, lakini limetoka.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimepiga. Alipokea kabla haijaita vizuri.

"Baba Amna?"

Nikavuta pumzi. Maneno yalikuwa pale pale nilipoyaweka jana. Nikasikia kuku wa mama mkwe. Nikasikia Zulfa anasubiri.

Nikamwambia bati la chumbani lina tundu. Upande wake wa kitanda. Mvua bado, ndiyo, lakini jua linapita na kumpiga mtu usoni, na lazima aje mtu anayejua bati lile lilikuwaje zamani, mimi sikumbuki.

Akauliza kama ni hilo tu. Nikasema ni hilo, ila ni tundu kubwa. Simu ikakatika. Mtandao wa Nkowe ni mbovu.

Lakini nimeridhika. Bati si kama tairi. Bati halibishaniwi. Anaweza kufika hata wiki hii, kwa hiyo sina muda wa kupoteza.

Kesho asubuhi naazima ngazi kwa Hemedy. Nyundo ninayo, msumari ninao. Tundu lenyewe bado sijalitoboa.