Kuatamia Gizani

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga kimepita. Redio ilisema ni mkia tu wa kimbunga cha baharini, huku milimani tutapata upepo kidogo. Upepo kidogo! Tulikuwa bado kanisani, mchungaji hajafika kwenye matangazo, bati za ofisi yake zikaondoka moja moja kama kurasa. Migomba yangu ya upande wa chini imelala kifudifudi. Mkaratusi umeangukia nguzo ya umeme, nguzo ikamwangukia mwenzake, wakaendelea hivyo hadi barabarani. Hapa Makandana hatuna umeme.

Wengine wanalia taa na simu. Mimi nina mayai mia na ishirini ndani ya mashine. Mashine nimeiunda mwenyewe kwa friji bovu, globu nne na sahani ya maji. Mayai si yangu. Ni ya wanawake kumi na wawili wa kikundi cha kanisani, na mwenyekiti wao ni mke wangu, Tulia. Aliwapa neno lake kwamba yatatotolewa, kwa kuwa mimi nilimpa neno langu. Leo ni siku ya kumi na nne. Zimebaki saba.

Tulia aliuliza kama yatapoa. Nikamjibu kwamba mashine inatunza joto siku tatu. Sijui hiyo tatu nimeitoa wapi.

Saa kumi Mwalimu Medard akabisha hodi. Ni jirani, mtu wa Bukoba, alihamishiwa shule ya hapa miaka sita iliyopita na tangu hapo kila kitu anakuwa nacho kabla yangu. Ana sola. Akasema nipeleke mashine sebuleni kwake, globu mbili zitawaka bila shida. Nilimshukuru, nikakataa. Mwaka jana, mayai yangu ya kwanza yalipogoma, ni yeye aliyeiita mashine kabati la kuivishia ndizi. Mtaa ulicheka hadi Pasaka.

Tulia alikuwa jikoni. Hajui kama Medard alikuja. Si lazima ajue.

Jumatatu, 6 Mei

Baba amefika kutoka Nkunga kwa bodaboda, kavaa koti la mvua juu ya blanketi. Paa lake liko kwenye shamba la chai la watu. Ana miaka themanini na moja. Nilifurahi kumwona mzima, kisha nikakumbuka nyumba yangu ina vyumba viwili.

Shida ni mila. Zamani kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake. Vijana wameacha. Kanisa limesema tuache. Baba anasema kanisa lipange mambo ya kanisani. Tulia naye alifundwa na bibi yake, kwa hiyo ameishi miaka ishirini na miwili bila kuuona uso wa Mzee Anyitike. Akisikia kikohozi chake tu, anaingia migombani. Leo alisikia bodaboda, akatorokea dirishani. Dirishani, mwanamke wa miaka arobaini na tano.

Baba nimempa chumba changu. Tulia kahamia jikoni nje. Mimi niko koridoni, napeleka salamu na mboga.

Mashine ikawa baridi asubuhi. Siku moja tu, si tatu. Nikaweka jiko la mkaa chini ya trei. Wazo zuri. Lakini friji lina plastiki ndani. Nilinusa, nikakimbia, nikachelewa. Mayai kumi na tisa yameiva kabisa. Nimeyazika chini ya mgomba ulioanguka, maana hapo hakuna atakayechimba.

Tulia aliuliza harufu ni ya nini. Nikasema ni Medard anachoma takataka.

Jumanne, 7 Mei

Watu wa umeme wamepita na gari lao. Wameitazama nguzo, nguzo ikawatazama. Wanasema Jumamosi, au Jumapili, kutegemea barabara.

Nimemeza kiburi. Kilipita kwa shida, lakini kilipita. Nikaenda kwa Medard kumwambia kwamba nimefikiri upya. Mkewe, Generosa, akaniambia betri ya sola haipo. Jana jioni Medard aliipeleka zahanati kwa ajili ya friji la chanjo. Angenitunzia, akasema, ila nilikuwa nimeshakataa. Kiburi kikarudi juu kikiwa kichungu zaidi.

Wakati natoka nikamwona kuku wake mwekundu anaatamia nyuma ya banda. Kuku kama huyo ni mashine isiyohitaji nguzo. Nikamchukua chini ya koti. Kumwazima, si kumwiba. Nilimweka juu ya mayai ishirini ya Tulia, nikampa na mahindi. Alisimama. Akatembea juu ya mayai kama mkaguzi, akavunja saba, akatoka mlangoni, akarudi kwao kwa miguu, mchana kweupe, watu wakimwona anakotokea.

Generosa alikuja kuuliza. Nikasema kuku wa siku hizi wanapenda kutembea. Alinitazama muda mrefu.

Mayai tisini na nne. Nimeyafunika kwa koti langu la harusi.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Baridi ya kuuma mifupa. Nimeyagusisha mayai shavuni, yana uvuguvugu wa kufa. Nilikaa nayo sakafuni nikawa sina hata wazo, jambo ambalo halijanitokea tangu nistaafu ukarani wa ghala.

Kisha nikasikia Baba anakohoa. Baba ana joto. Amelala chini ya mablanketi matatu, hana pa kwenda, hana kazi. Nilijilaumu kwa kutoliona mapema.

Lakini huwezi kumwambia mzee wa kanisa awe kuku. Nikamwambia kwamba daktari mmoja redioni anashauri wenye maumivu ya magoti walale na mayai kuzunguka mwili, dawa hutoka kwenye ganda. Baba aliuliza ni mayai ya nani. Nikasema ya kikundi cha Tulia, lakini hilo halihusiani na magoti. Akajivuta kando kidogo, akainua blanketi.

"Lete," alisema.

Tumeyapanga ubavuni, miguuni, kwapani, tumboni. Mengine kwenye soksi. Aliniuliza yana siku ngapi. Nikamwambia kumi na saba. Akasema basi yageuzwe asubuhi, mchana na jioni. Nashangaa anajuaje. Magoti hayageuzwi.

Nimemdanganya vizuri sana. Nimejisikia vibaya kwa muda wa chai moja.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikwenda Kiwira kutafuta jenereta. Yupo fundi anaitwa Hosea, ana moja ya kuvutia maji. Akaniazima baada ya kumbembeleza hadi saa saba. Tukaja nayo kwa bodaboda, mimi nimeikumbatia, mvua inatupiga, jenereta inanimwagia petroli mapajani. Nilikuwa na furaha njia nzima. Nilijiona naiwasha, Medard akisikia mlio.

Mlio ameusikia. Dakika mbili. Kisha moshi mweupe, kisha kishindo kidogo, kisha kimya. Nimeiegemeza ukutani, haitoi hata kikohozi.

Nikaingia ndani nimelowa. Nikasikia sauti ya Tulia koridoni, nikasimama.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ameupa mlango wa chumba cha Baba, kanga kaivuta hadi usoni. Mlangoni pametundikwa shuka. Pembeni yake chupa za maji ya moto, kila moja kaiviringishia kitambaa. Anazisukuma kwa mwiko chini ya shuka bila kugeuka.

Baba akasema kutoka ndani, "Wewe ukuta, mwambie aliye huko nje kwamba miguuni yamepoa."

Tulia akajibu, "Ukuta, mwambie Mzee maji mengine yanachemka. Mwambie ajigeuze taratibu, mgongo utauma."

"Ukuta, mwambie mgongo huu umebeba magunia ya kahawa. Mayai hayaushindi."

Miaka ishirini na miwili hawajawahi kusemezana neno. Na hapo hapakuwa na mtu mwingine, ni ukuta tu. Niliumia. Kwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyepeleka salamu.

Nikamuuliza Tulia nani kamwambia. Akasema asubuhi alipokuwa anafua soksi za Baba aliona mbili hazipo, akauliza kwa sauti ziko wapi, ukuta ukamjibu. Mzee amemwambia yote. Alijua tangu jana kwamba hakuna daktari. Alisema mtoto wake anapodanganya huanza na redio.

Ijumaa, 10 Mei

Siku mbaya kuliko zote. Wanawake wa kikundi wamekuja wote kumi na wawili, wakiongozwa na Mama Nsajigwa, kutazama mayai yao. Nilisimama mbele ya mashine. Nikawaeleza kwamba kisayansi haifunguliwi kabla ya siku ya ishirini na moja, hewa ikiingia kazi yote inaharibika. Mama Nsajigwa aliuliza mbona mlango wa mashine umeyeyuka.

Tulia akatoka jikoni. Akawaambia kila kitu. Mkaa, kuku, jenereta, na kwamba mayai yaliyobaki yako kitandani kwa baba mkwe wake. Hakunilaumu mbele yao. Alisema tu, "Neno lilikuwa langu. Nisameheni."

Kisha Mama Nsajigwa akavua kandambili, akaenda jikoni, akaongeza kuni. Wengine wakamfuata. Tangu saa nne hadi jioni wamepokezana maji ya moto, wanaimba tenzi chinichini, Baba anaitikia besi kutoka kitandani.

Generosa naye alikuja na chupa za chai. Na mdomo. Akamwambia Tulia masikitiko yake, kwamba Medard alipokuja Jumapili kutoa sola yake nikaikataa, walidhani tuna mpango mwingine.

Tulia alikuja kunitafuta nyuma ya nyumba. Sikujificha, nilikuwa naitazama jenereta. Aliniuliza kama ni kweli. Nikaanza kumweleza habari ya kabati la kuivishia ndizi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mzee hajaketi tangu juzi," alisema. "Anakula amelala. Jana alibanwa haja akavumilia hadi machozi yakamtoka, kwa sababu ukimwinua, mayai ya tumboni yanapoa. Sijawahi kumwona uso, Lukasi. Lakini kilio chake nimekisikia. Na wewe ulikuwa Kiwira."

Akarudi jikoni. Nimekaa na jenereta hadi giza likaingia.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kanisani. Nilikuwa naunganisha waya kwenye betri ya redio, nikiamini hata globu moja ingetosha. Haikutosha. Mayai mengi Baba ameshayatenga kando tangu jana, mazito, kimya. Alikuwa anayaweka sikioni moja moja, anatikisa kichwa, anayalaza kwenye beseni kama anayazika.

Saa tano hivi nikasikia anaita. Nikakimbia. Hakuwa ananiita mimi.

"Tulia."

Jina lake kabisa. Tulia aliangusha mwiko. Akasimama upande wa pili wa shuka, kanga usoni.

"Njoo utazame," Baba alisema. "Nimefumba macho."

Alisimama pale sijui muda gani. Kisha akainua shuka akaingia. Mimi nilichungulia. Baba amelala chali, macho kayafunga kwa nguvu kama mtoto anayesali, na kifuani pake, ndani ya soksi, kidomo kinagonga. Tulia akashusha kanga. Akamtazama. Si yai, alimtazama Baba. Nywele nyeupe, kovu la kidevuni, mdomo usio na meno ya mbele. Alimtazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Kimetoka?" Baba akauliza.

"Kimetoka, Mzee. Ni cheusi."

"Ndaga," akasema Baba. Asante. Hakufumbua macho hadi Tulia alipotoka.

Kufikia saa kumi vimetoka vifaranga ishirini na vinne. Viwili kwa kila mwanamke. Kati ya mayai mia na ishirini, tisini na sita hakuna. Mama Nsajigwa alivipokea vyake kwenye kofia, akasema amewahi kupata pungufu ya hivyo kwa kuku wa kweli. Tulia alilia, lakini alilia ameketi na wenzake.

Saa kumi na moja umeme ukarudi. Globu zote nne zikawaka ndani ya mashine. Hakuna aliyekwenda kutazama ila mimi.

Jumanne, 14 Mei

Baba amerudi Nkunga. Medard na waumini wamemwezekea paa. Mimi niliwashikia ngazi hadi waliponiomba niiache. Wakati wa kuondoka Tulia aliingia migombani kama kawaida, lakini safari hii hakwenda mbali, na kabla bodaboda haijawashwa akasema kwa sauti kwamba ukuta unamtakia Mzee safari njema. Baba alicheka hadi akakohoa.

Tulia hajanisemesha tangu Ijumaa, ila jana alisema nirudishe jenereta ya watu, na kwamba nisiguse tena kitu chochote chenye ganda.

Nimetafakari sana siku hizi mbili. Nimeona nilipokosea. Nilitumia mzee mmoja. Mzee mmoja, mayai tisini na nne, vifaranga ishirini na vinne, na hapo alianza amechelewa. Wangekuwa wazee wanne, wakaanza siku ya kwanza, kila mmoja na mayai ishirini na matano tu? Bila globu, bila nguzo, bila Medard. Wilaya nzima ina wazee wamelala bure.

Barua kwa mtendaji wa kata nimeimaliza. Majina nimeorodhesha saba. Nitaanza na Mzee Ackson wa bondeni, kwa sababu ana homa.