Seneta wa Rodel Macaraeg

Miaka kumi na moja Rodel Macaraeg alitengeneza viyoyozi ugenini, mjini George Town, si mbali na mpaka wa Thailand, na miaka yote hiyo wateja walimuuliza swali lile lile: huko kwenu Ufilipino nani atashinda? Yeye yuko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, na mtu chini anataka uchambuzi. Ukweli ni kwamba Rodel hakumjua waziri hata mmoja wa kwao. Akifungua simu, ni mpira wa kikapu na kuku wa kupigana.

Wiki sita kabla ya uchaguzi wa huko, Mama Khoo, mwenye mgahawa wa tambi, akamuuliza tena. Rodel alikuwa na njaa, hana hamu ya maneno. Akatupa jicho mlangoni, akashusha sauti: "Mama, hapa siwezi kusema."

Mgahawa mzima ukageuza shingo. Bakuli la tambi za kamba likaja bila kuagizwa, na yai juu.

Hapo ndugu yetu akafumbuka macho. Kumbe kusema kunachosha tu, kukataa kusema kunaleta kamba. Baada ya wiki mbili alikuwa msaidizi wa zamani wa Seneta Bulaong, yeye mwenyewe shujaa aliyekimbia nchi kwa kujua mengi mno. Seneta huyo alizaliwa kichwani mwa Rodel kati ya bakuli la pili na la tatu, na hakuwa na anwani nyingine. Watu wakaingiwa na huruma. Huyu akampa chumba cha bure, yule koti la sufu katika joto lile. Kila aliyeuliza habari aliambiwa nusu ya sentensi, akaenda kuimalizia kwake apendavyo.

Ooi Teik Seng, tajiri wa matunda ya doriani, hakutosheka na nusu. Alitaka kujua serikali mpya ya Ufilipino itajenga wapi bandari, ili awahi kununua ardhi kwa bei ya kutupa kabla wavuvi hawajashtuka. Rodel akamzungusha siku tatu, akahema sana, kisha akamtajia ghuba moja. Ooi akamshukuru kwa gari lake la mizigo, pamoja na hati zake. Rodel akapanga kulivusha mpakani siku ya Jumamosi, akaliuze Thailand, asionekane tena.

Ijumaa mchana akiwa kwa Mama Khoo, Ooi meza ya pili, aliingia mwanamke Mfilipino aliyevaa nguo nyeusi. Siku mbili nyuma alikuwa amekunywa kahawa pale pembeni, hakuna aliyemjali. Akamshika Rodel mikono yote miwili.

"Kaka Rodel, mimi ni Marivel. Binti wa Seneta Bulaong."

Rodel akaweka vijiti chini. Kusema seneta huyo hayupo ni kusema mbele ya Ooi, na Ooi alikuwa na vijana wa kubeba matenga wenye mikono kama mapaja.

"Seneta... hajambo?" akauliza.

"Hoi kitandani, kaka. Amejificha shambani karibu na Taiping, na lazima ahamishwe kabla ya jioni. Alisema nikikwama nikutafute wewe, hutamtupa."

Mama Khoo alikuwa ameshaanza kulia. Ooi akamgeukia Rodel kwa upole.

"Gari si unalo? Mpe dada."

Rodel akatoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa jino.

"Na hati, kaka," Marivel akasema, "polisi wasinisumbue njiani. Utie na sahihi."

Akatia. Akalazimika hata kumbebea mkoba hadi garini, watu wote nyuma yao. Marivel akawasha, akainama dirishani, akamwambia kwa lugha ya kwao, taratibu:

"Baba anakusalimu. Ila amelalamika, mtu mzima kama yeye hukumpa hata mke."

Gari likakata kona. Watu wakapunga mikono, wakafuta macho kwa ajili ya Seneta Bulaong, na katikati yao Rodel alilia kuliko wote.