Waraka wa Saa Saba

Wananchi wote wanatangaziwa kwa furaha kwamba safari ya ndege kutoka jiji letu hadi jiji la ng'ambo, iliyokuwa ikichukua saa kumi na mbili, sasa itachukua saa saba. Waraka huo niliuandika mimi, Naibu Mkurugenzi wa Umbali, na sioni haya kusema hivyo.

Chanzo ni Mheshimiwa Waziri, aliyetamka "saba" redioni. Waziri hakosei, kwa hiyo kilichokosea ni umbali. Kamati ilikaa siku nne. Kilomita elfu tisa na mia nane tulizishusha hadi elfu tano na mia saba, kwa kauli moja, kabla ya chai. Ramani ya ukutani tuliikunja katikati ya bahari, tukaibana kwa pini.

Rubani mkuu, mama asiyecheka ovyo, aliitwa kuarifiwa.

"Ndege ni ileile?" akauliza.

"Ileile."

"Na jiji halijasogea?"

"Limesogezwa kiutawala."

"Haya. Na mafuta?"

"Ya saa saba. Waraka uko wazi."

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa mbishi. "Kaka, nina abiria mia mbili. Saa saba zikiisha, chini yangu kuna nini?"

"Kuna waraka," nikamjibu.

Aliandika barua ya kupinga. Tukamwandikia ya onyo.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alipanda mwenyewe, pamoja na waandishi wa habari. Nilikaa nyuma yake, nimekumbatia mkoba wa hotuba. Saa ya saba ilipokaribia kuisha, ndege ikaanza kushuka. Mheshimiwa akafunga vifungo vya koti na kuandaa tabasamu.

Mlango ukafunguliwa. Nje palikuwa na uwanja mpana, kibanda cha mabati, gari moja la mafuta, na mzee aliyekuwa akifyeka majani.

"Hapa ni wapi?" Mheshimiwa akaninong'oneza.

Kipaza sauti kikakoroma. Alikuwa rubani. "Mabibi na mabwana, kwa mujibu wa waraka, tumefika. Ambao bado hawajafika wabaki vitini, tunaongeza mafuta."

Hakuna aliyeinuka.

"Binti yangu yuko wodini, anajifungua leo," mama mmoja akasema, akikaza mkanda. "Hapa sishuki ng'o!"

Waandishi wakamgeuzia Mheshimiwa kamera. "Mheshimiwa, wewe umefika au hujafika?"

Akanitazama. Nami nikatazama viatu vyangu.

"Nimefika," akasema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Akashuka. Mimi, kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu, nikamfuata. Pale uwanjani akasoma hotuba yote, kurasa tisa, akiwashukuru wakazi wa jiji hili kubwa kwa mapokezi yao makubwa. Mfyekaji alisimama kwa adabu, kofia mkononi, akapiga makofi kila Mheshimiwa alipovuta pumzi. Waandishi walipigia picha dirishani.

Kisha mlango ukafungwa. Ndege ikaunguruma, ikapaa, ikatokomea mawinguni.

Mheshimiwa alikunja hotuba yake taratibu, akangoja vumbi litulie.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini, "kutoka hapa mpaka jijini ni mbali?"

"Wala, mwanangu. Saa tano tu kwa ndege." Mzee akavaa kofia na kuokota fyekeo lake. "Ila ndege huwa hazisimami hapa. Hiyo iliyoondoka ndiyo ya kwanza tangu niajiriwe."